SAHIHI YA MWANACHAMA WA TAWI IPEWE UZITO WAKE

Julai 12, 2015, Mkutano Mkuu wa Taifa wa Chama Cha Mapinduzi uliokutana mjini Dodoma ulimteua Ndugu John Pombe Magufuli, Mbunge wa Chato, kuwa mgombea wa Chama wa kiti cha Urais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Alipata kura 2,104. Ndugu Amina Salum Ali alipata kura 253, na Ndugu Asha-Rose Migiro kura 59. Mwezi mmoja tu kabla ya siku hiyo, wale wanaojiita wajuzi wa siasa walipokuwa wakihesabu majina ya watu wenye nafasi ya kushinda, jina la Ndugu Magufuli ama halikutajwa kabisa, ama lilitajwa mwishoni kwa ajili ya kukamilisha hesabu tu.

Leo marehemu Magufuli ametutoka tangu Machi 17, 2021, na mengi yamekwisha kusemwa juu ya uongozi wake, mazuri na mengine. Sisi hatukusudii kuyarudia yote. Tunakusudia kuzungumzia jambo moja ambalo tunaona halijapewa uzito linaostahili: furaha ile ya wanyonge, hasa wa ukanda wa dhahabu na pamba, tangu Kishapu na Kahama hadi Bukombe, Mbogwe, Geita na Chato, ilitoka wapi, ilikuwa na maana gani, na Chama kinapaswa kuifanyia nini furaha kama hiyo itakapotokea tena. Maana itatokea tena. Kwa mujibu wa Katiba ya nchi yetu, mwaka 2030 Chama kitakuwa na kazi ya kutafuta mgombea mpya wa Urais. Miaka si mingi. Mkulima mwenye busara hangoji mvua inyeshe ndipo aanze kutafuta jembe.

SAHIHI THELATHINI

Kwanza tukumbushane utaratibu ulivyokuwa. Mwaka 2015 wanachama 42 walichukua fomu za kuomba kuteuliwa, na 38 wakazirudisha. Kila mmoja alitakiwa kupata wadhamini 450 katika mikoa 15, na mitatu kati ya mikoa hiyo iwe ya Zanzibar. Maana yake ni kwamba katika kila mkoa mwombaji alihitaji sahihi za wanachama thelathini. Baada ya hapo jambo lote lilihamia Dodoma. Kamati Kuu ilipunguza majina hadi matano, Halmashauri Kuu ya Taifa ikayapunguza hadi matatu, na Mkutano Mkuu ukachagua moja.

Ukiutazama utaratibu huo kwa makini utaona kwamba mwanachama wa kawaida wa tawi, yule anayelipa ada yake na kuhudhuria mikutano chini ya mwembe, anakutana na suala la mgombea wa Urais mara moja tu. Anakutana nalo pale anapoombwa kutia sahihi. Baada ya hapo atasikia redioni. Hatusemi kwamba utaratibu huo ni mbaya. Chama chenye mamilioni ya wanachama hakiwezi kufanya kila uamuzi kwa kunyoosha mikono nchi nzima, na vikao vya juu vina wajibu wa kuchuja na kupima maadili. Lakini tunasema hivi: ikiwa sahihi ndiyo mlango pekee wa mwanachama wa tawi, basi mlango huo hauna budi kuwa mlango wa kweli, wala usiwe picha ya mlango iliyochorwa ukutani.

Ni nani asiyejua yaliyokuwa yakitendeka? Katika wilaya nyingi wadhamini walikusanywa kwa mabasi. Wanachama waliitwa na mtu asiyejulikana katika tawi lao, wakapewa soda na nauli, wakatia sahihi kwenye karatasi ya mtu ambaye hawakumsikia akisema neno hata moja juu ya bei ya pamba, juu ya leseni za wachimbaji wadogo, wala juu ya zahanati isiyo na dawa. Wengine walitia sahihi kwa waombaji zaidi ya mmoja. Wengine walijivunia kwamba mtu wao amepata wadhamini maelfu kwa maelfu, wakati kanuni ilitaka 450 tu. Sahihi ilikuwa imegeuka kuwa ngoma ya kumtisha mwenzako.

Ndugu Magufuli hakupiga ngoma hiyo. Alizunguka kimya kimya, akapata sahihi alizotakiwa kupata, akarudisha fomu. Alipoulizwa atafanya nini, jibu lake halikuzidi kusema kwamba atatekeleza Ilani ya Chama. Kwa watu wa makundi na mitandao hilo lilikuwa jambo la kuchekesha. Kwa mkulima wa Msalala au mchimbaji wa Rwamgasa halikuwa jambo la kuchekesha hata kidogo, kwa kuwa walimjua kwa njia nyingine. Walimjua kama Waziri wa Ujenzi aliyekuwa akizitaja barabara kilomita kwa kilomita bila kutazama karatasi. Walijua kwamba alipata kuwa mwalimu wa sekondari Sengerema, na kwamba alipata kufanya kazi ya ukemia katika Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Alikuwa mtu wa huko kwao, na kazi yake waliikanyaga kwa miguu.

HAPANA HISTORIA YA UBWEGE

Wapo wanaodhani kwamba wananchi wa Usukumani na maeneo jirani ni watu wa kufuata tu, na kwamba shangwe yao ya mwaka 2015 ilikuwa ya ukabila na hapana zaidi. Wenye mawazo hayo hawajui historia ya Chama chetu.

Serikali ya kikoloni iliipiga TANU marufuku katika Usukuma tangu mwaka 1954 hadi 1958. Katika miaka hiyo wananchi hawakukaa kimya wakingoja kuruhusiwa. Walijenga vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, na ndani ya ushirika wakajifunza kuhesabu, kuchagua viongozi na kumwondoa mpimaji mwenye mizani ya wizi. Mwaka 1958, wakoloni walipotaka kuwalazimisha watu wa Geita kukubali baraza la wilaya la mseto wa rangi, ambamo wageni wachache wangepewa viti bila ya kuchaguliwa na watu, wananchi wa Geita walikataa. Maelfu walifunga safari kwenda Mwanza kumweleza mkubwa wa Jimbo kwamba hawalitaki. Walipigwa mabomu ya machozi, viongozi wao wakakamatwa, lakini baraza lile halikusimama. Hapakuwa na mtu wa kuwakodia basi.

Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa Wabunge chini ya mfumo wa chama kimoja, TANU iliweka wagombea wawili karibu katika kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Ndugu Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mmoja wa waasisi wa ushirika wa pamba, mtu aliyeheshimiwa sana katika sehemu zote za Ziwa, alishindwa katika uchaguzi huo. Mwalimu alimteua kuwa Mbunge, kwani nchi ilimhitaji. Lakini mwalimu mwingine, yaani kura, alikuwa amekwisha kutoa somo lake: cheo kikubwa si kinga mbele ya mwenye jembe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi wa Kahama na wilaya za jirani walichoshwa na wezi wa ng'ombe na majambazi wenye silaha, wakaunda sungusungu. Wakubwa wengi maofisini walishtuka. Kwa kweli ilikuwa na kasoro zake, na wako waliodhulumiwa kwa jina lake. Lakini Chama kilitambua kwamba haja yenyewe ilikuwa ya haki, kikaona afadhali kuielekeza kuliko kuizima. Hivyo ndivyo Chama cha watu kinavyofanya kazi. Wananchi wanatangulia, Chama kinasikiliza, kisha Chama kinaweka utaratibu.

Tena Shinyanga iliwahi kutufundisha namna ya kumpima kiongozi. Katika miaka ya 1970, watu waliokamatwa kwa tuhuma za mauaji yaliyohusishwa na uchawi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga waliteswa, na baadhi yao walifia mikononi mwa vyombo vya dola. Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, hakuwa amemgusa mtu yeyote kati yao. Hata hivyo mwaka 1977 alijiuzulu, kwa sababu wizara ilikuwa yake. Wengi walifikiri safari yake ya uongozi imekwisha. Miaka minane baadaye, mwaka 1985, Chama kilipotafuta mtu wa kumrithi Mwalimu, kilimteua yeye. Aliyedhaniwa ameanguka ndiye aliyeaminiwa, kwa kuwa alikubali kubeba mzigo wa makosa ya walio chini yake.

Tunayataja mambo haya ili ieleweke kwamba wananchi wa sehemu hizo hawamshangilii mtu kwa ujinga. Wana kipimo chao. Wanamwuliza mtu maswali matatu: Umefanya nini? Umekula na nani? Ukikosea, utakubali?

UMATI NA WATU

Sasa tuseme kweli, maana gazeti la Chama lisiposema kweli kwa wanachama halina kazi. Katika mwaka 2015 mikusanyiko mikubwa kuliko yote ya kumuunga mkono mwombaji haikuwa ya Ndugu Magufuli. Ilikuwa ya Ndugu Edward Lowassa. Jina lake lilipokatwa katika Kamati Kuu, wajumbe watatu wa kikao hicho walijitokeza hadharani kupinga uamuzi huo. Mwishoni mwa Julai yeye mwenyewe alihamia upinzani, akagombea Urais, na Oktoba 25 alipata kura zaidi ya milioni sita, karibu asilimia 40 ya kura zote halali. Ndugu Magufuli alishinda kwa asilimia 58. Hatuwezi kusema kwamba milioni sita hao wote walikodiwa. Ndani yao walikuwamo vijana wasio na kazi, wakulima waliokopwa pamba yao, na wachimbaji waliofukuzwa kwenye maduara yao. Hata katika Kahama, Mbunge wetu wa siku nyingi alituacha mwaka huo akaenda upinzani.

Ndugu Lowassa alirudi katika Chama Machi 2019, na sasa ni marehemu. Hatumtaji kwa ajili ya kumhukumu. Tunamtaja kwa sababu kisa chake na cha Ndugu Magufuli vinatoa fundisho moja. Mwaka ule makabwela walikuwa na kiu. Walitaka mabadiliko, na neno hilo lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Baadhi waliona kiu hiyo itakatwa na mwenye nguvu ya fedha na watu, wengine wakaona itakatwa na mchapakazi asiye na kundi. Chama kiliokoka kwa sababu vikao vyake vilimpata mtu ambaye makabwela wangeweza kumwamini. Lakini je, vikao vilijua hivyo kwa kusikiliza matawi, au vilibahatisha tu kwa kutafuta mtu asiyechukiwa na kundi lolote? Swali hili halina raha, lakini hatuna budi kuliuliza. Bahati si utaratibu. Mwenye kuvuka mto kwa bahati leo, kesho huliwa na mamba.

Hatari kubwa iko katika fedha. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kutuonya kwamba tumechagua silaha isiyofaa tukichagua fedha. Baada ya masharti ya uongozi kulegezwa Zanzibar mwaka 1991, fedha iliingia katika uchaguzi kama mchwa. Ilifika mahali sheria ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria ipo, lakini sheria haiwezi kukaa chini ya mwembe usiku kuona nani anagawa bahasha. Anayeweza kuona ni mjumbe wa shina. Naye akiona, ni nani atamsikiliza?

Mwombaji mnyonge, asiye na mfuko mnene, hawezi kupata haki katika mazingira ya namna hiyo isipokuwa kwa bahati. Tunapozungumza juu ya kumpa nafasi mtu wa maendeleo asiye na fedha, hatuzungumzii huruma. Tunazungumzia usalama wa Chama. Chama cha wakulima na wafanyakazi kikishindwa kumpitisha mtoto wa mkulima kwa sababu hana fedha za mabasi, kitakuwa kimebakiza jembe na nyundo katika bendera tu.

SIKU AROBAINI NA MOJA

Liko tukio moja la mwaka ule ambalo kila mwombaji wa Urais angepaswa kulikumbuka. Oktoba 5, 2015, nchi ikiwa katika kampeni, mgodi wa wachimbaji wadogo wa Nyangalata, wilayani Kahama, uliporomoka na kuwafukia watu. Si wote waliotoka. Lakini Novemba 15, baada ya siku 41, watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa kula mende, vyura na mizizi, na kunywa maji yaliyodondoka kwenye miamba. Walipoingia shimoni, Ndugu Jakaya Kikwete alikuwa Rais. Walipotoka walikuta kura zimekwisha kupigwa na kuhesabiwa, na Ndugu Magufuli amekwisha kuapishwa tangu Novemba 5.

Watu hao hawakupiga kura. Walikuwa chini ya ardhi wakati sisi tulipokuwa juu tukishangilia. Lakini ukitaka kujua kwa nini wachimbaji wa Geita na Kahama walikuwa na shangwe mwaka ule, anzia hapo. Mchimbaji mdogo anashuka katika duara kwa kamba, bila kofia ya chuma na bila hewa ya kutosha. Anapandisha mawe, anayapeleka kwenye karasha, anayaosha mwaloni kwa zebaki inayomharibu mikono na mapafu, halafu dhahabu yake inanunuliwa usiku na mlanguzi anayejipangia bei. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kampuni kubwa ipewe nafasi. Mwaka 2000 mgodi mkubwa wa Geita ukafunguliwa, na mwaka 2001 ule wa Bulyanhulu. Utajiri ukapita kwenye barabara ya vumbi mbele ya mlango wa mwananchi, naye akabaki kuhesabu magari.

Basi huyo mwananchi alipomshangilia mgombea wa mwaka 2015, hakuwa akitoa zawadi. Alikuwa akitoa mkopo. Shangwe ya mnyonge ni mkopo, na mkopo hulipwa.

Sehemu ya mkopo huo ililipwa. Mwaka 2017 Serikali ilizuia mchanga wa madini kusafirishwa nje, ikaunda kamati mbili za uchunguzi, na Bunge likatunga sheria zinazosema wazi kwamba rasilimali za nchi ni mali ya wananchi. Mrabaha wa dhahabu ukapandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6. Baada ya mazungumzo marefu na kampuni ya Barrick, ikaundwa kampuni ya Twiga ambamo Serikali inamiliki asilimia 16 ya hisa. Januari 2019 Rais aliwaita wachimbaji wadogo Dar es Salaam, akawasikiliza, na baada ya hapo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 zikaondolewa kwa wachimbaji wadogo wanaouza katika masoko rasmi. Machi 2019 soko la dhahabu likafunguliwa Geita, ambako mwenye gramu mbili na mwenye kilo mbili wote hupimiwa mbele ya macho yao kwa bei inayojulikana.

Sehemu nyingine haijalipwa mpaka leo. Bado vijana wanafukiwa mashimoni. Bado zebaki inamwagwa kwenye vijito. Bado mwenye leseni anaweza kuishi Dar es Salaam, na mwenye kuchimba akapewa viroba vichache vya mawe kama mtumwa. Na liko deni la namna nyingine. Wakati ule tulifurahia kuwa na mtu mwenye nguvu, na wengi wetu tukaacha kazi ya kukosoa. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na zuio hilo liliendelea hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoliondoa Januari 2023. Katika miaka hiyo hata matawi yetu wenyewe yalinyamaza, kila mtu akingoja kusikia mkubwa amesema nini. Hilo halikumsaidia Ndugu Magufuli wala halikukisaidia Chama. Kiongozi ajaye kwa shangwe ya watu anahitaji kuambiwa ukweli kuliko kiongozi mwingine yeyote, kwa sababu ndiye mwenye nguvu nyingi zaidi za kukosea.

Mtu si Chama. Mtu hupita, tawi hubaki. Shangwe isiyo na tawi ni moto wa mabua; huwaka sana, na asubuhi ni majivu.

TUFANYE NINI

Tangu mwaka 2015 Chama hakijawa na mashindano ya kumpata mgombea wa Urais. Mwaka 2020, kwa kufuata desturi yetu ya kumwachia Rais aliyeko madarakani amalize vipindi vyake, fomu ilichukuliwa na mtu mmoja. Januari 2025 Mkutano Mkuu maalumu uliokutana Dodoma ulimpitisha Ndugu Samia akiwa peke yake. Hivyo, ifikapo mwaka 2030, miaka 15 itakuwa imepita bila wanachama kupata zoezi hilo. Vijana waliojiunga na Chama wakiwa na miaka 18 mwaka 2015 watakuwa na miaka 33, nao hawajapata kumsikiliza mwombaji wa Urais akijieleza mbele yao.

Tena tutafika huko tukiwa tumebeba majonzi ya Oktoba 29, 2025, siku ambayo uchaguzi uligeuka kuwa msiba na Watanzania wakapoteza maisha. Sababu za msiba huo ni nyingi, na si kazi ya makala haya kuzichambua. Lakini hapana mtu mwenye akili timamu anayeweza kusema kwamba kati ya tiba zake hakuna hii ya kuwasikiliza vijana kabla hawajaingia barabarani. Kijana anayesikilizwa tawini hana haja ya kupiga kelele njiani.

Kwa hiyo basi, tunapendekeza mambo manne, ambayo hayahitaji fedha nyingi wala katiba mpya ya Chama.

Kwanza, sahihi ya mdhamini itiwe tawini, katika mkutano wa tawi ulioitishwa kwa taarifa, na baada ya majadiliano. Mdhamini aseme mbele ya wenzake kwa nini anamdhamini mtu huyo. Ajibu maswali. Mwanachama adhamini mtu mmoja tu. Hili peke yake litaua biashara ya mabasi, kwani hapana atakayelipa nauli ya watu watakaoulizwa maswali.

Pili, idadi ya wadhamini isizidi ile iliyotakiwa na kanuni. Anayeleta zaidi arudishiwe, na aulizwe amezipata kwa gharama gani. Wingi wa sahihi usiwe kipimo cha kupendwa.

Tatu, kila wilaya iandike kwa ufupi hoja zilizojitokeza katika matawi, na hoja hizo zisomwe katika Kamati Kuu na Halmashauri Kuu kabla majina hayajachujwa. Wajumbe wajue wachimbaji wa Nyarugusu wamesema nini juu ya nani, na wakulima wa Kishapu wamesema nini. Vikao vitabaki na mamlaka yake, lakini vitaamua vikiwa na macho. Na jina linapokatwa, wanachama waelezwe sababu kwa lugha ya heshima. Mwaka 2015 nusu ya chuki ilitokana na kukatwa, na nusu nyingine ilitokana na kimya.

Nne, mgombea akishashinda, arudi. Si lazima arudi kwa mkutano mkubwa wenye maturubai na ngoma. Arudi katika matawi machache yaliyompa sahihi, bila msafara mrefu, akae kwenye benchi, aulizwe: Ulisema nini, umefanya nini? Kiongozi aliyezoea kuulizwa hapotoki kwa urahisi, na wananchi waliozoea kuuliza hawadanganyiki kwa urahisi.

Wapo watakaosema kwamba mapendekezo haya yataleta mgawanyiko. Tunawajibu kwamba mgawanyiko ulikuwapo mwaka 2015 bila mapendekezo haya, ukapita katika mahoteli na katika simu za usiku. Kinachojadiliwa mchana mbele ya watu huleta mabishano. Kinachopangwa usiku huleta makundi. Mabishano huisha, makundi huzaa. Wapo pia watakaosema kwamba mwanachama wa kijijini hana elimu ya kumpima mgombea wa Urais. Hao ndio hasa waliosemwa na watu wa Geita mwaka 1958, kwani wakoloni nao walidai hivyo hivyo.

Tunawaomba viongozi wa Chama, kuanzia shina hadi Taifa, walitafakari jambo hili sasa, wakati bado hakuna aliyechukua fomu na hakuna atakayesema kwamba anawindwa. Na tunawaomba wanachama wa Shinyanga, Geita na mikoa yote wasingoje kuitwa. Mkutano wa tawi ni haki yao, nao waudai. Waulizane mapema ni mtu wa namna gani wanamtaka, kabla hajatokea mtu wa kuwaambia ni nani wanamtaka.

Mchimbaji wa Nyangalata aliyetolewa shimoni siku ya 41 alikuta Rais amekwisha kupatikana bila yeye. Yeye alikuwa na udhuru. Alikuwa amefukiwa na mwamba. Sisi tulio juu ya ardhi, tukikubali mwaka 2030 mgombea apatikane bila sauti zetu, tutatoa udhuru gani?